Mafuta ya Mama na Samaki wa Jirani

Jumamosi iliyopita niliwakaribisha watu wa kanisa nyumbani kwangu hapa Ruiru, nikawakaangia mandazi kwa mafuta ambayo Alhamisi yake nilikuwa nimekaangia samaki. Sina ugonjwa wa kusahau, ingawa wajukuu wangu wameanza kunong'ona. Nilikuwa mvivu tu. Mafuta kwa macho yalikuwa safi, kopo lilikuwa karibu na mkono, na mtu wa nyumbani kama mimi, ambaye kwenda dukani ni safari ya kujiandaa tangu asubuhi, hakosi sababu ya kutumia kilichopo. Mzee wa kanisa aliuma andazi lake, akalitazama ndani kama anayetafuta aliyemwita, kisha akalimaliza kwa ujasiri wa Kikristo. Hakuchukua la pili. Hakuna aliyechukua la pili. Walisifu chai mno, nami nikajua, maana chai yangu haijawahi kusifiwa na mtu.

Nilipouma langu, harufu ile ilinikamata na kunirudisha Makongeni kule Thika, nilikokulia, bila nauli. Kwa sababu mimi, kati ya watu wote wanaojua kushika mwiko kutoka hapa mpaka Thika, ndiye niliyekuwa na sababu ya kukumbuka. Kosa hilohilo niliwahi kulifanya nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Wakati huo halikuharibu chai ya kanisa. Lilikaribia kumharibia dada yangu ndoa, na lilimharibia mtu mwingine kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi tulivyokula. Chakula kilikuwa cha kuchemsha au cha kuchoma. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikaa motoni tangu jua kuchomoza, viazi vikafukiwa kwenye jivu, na ndizi ikapondwa. Mafuta yalikuwa kitu cha ngozi. Nyanya yangu mzaa mama alijipaka ya mbarika akang'aa kama kitasa cha mlango, na alipoona kwa mara ya kwanza mtu akiyamimina karaini na kutupa chakula ndani kiogelee, alishika kiuno akauliza, "Sasa hicho chakula kinaoga au kinaiva?"

Mtu huyo aliyekuwa anamimina alikuwa mama yangu. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya wa familia moja ya Kihindi hapa Ruiru, nyuma ya duka la nguo, na huko ndiko alikojifunza karai. Alirudi na ujuzi huo kama wengine walivyorudi na cherehani. Alijua bajia zinataka moto mkali na mkono mwepesi, na sambusa zinataka moto wa subira, la sivyo ngozi inaungua na ndani mbichi. Mandazi aliyapima kwa kipande kidogo cha unga. Alikitupa kwenye mafuta, kikazama, kikafikiri, kikapanda juu na kuanza kuzunguka na povu lake, naye akasema, "Sasa yameitika." Aliyageuza kwa kijiti, kila moja likivimba tumbo kama diwani aliyekula, akayaweka juu ya mfuko wa unga uliochanwa ili yateme mafuta. Yalinuka iliki peke yake. Watu wa kiwanda cha ngozi, ambao wenyewe walinuka vingine, walikuwa wanayanunua mlangoni asubuhi na kuyanusa kwanza kabla ya kula.

Sheria ya mama ilikuwa moja. Mafuta ya mandazi yalikuwa na kopo lake lenye kifuniko, na hakuna kingine kilichopikwa ndani yake, hata kitunguu. Alisema, "Maitu, mafuta ni mmbea. Kwenye kopo yananyamaza. Yapashe moto uone kama hayatasema yote." Aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ni vigumu kumwibia mtu anayekuita mama. Lakini kama mtakavyoona, haishindikani.

Nyumba za Makongeni zilikuwa mstari wa vyumba, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwingine, na kuta hizo hazikufika kwenye mabati. Juu palikuwa na nafasi ambamo sauti, moshi na harufu zilipita bila kubisha hodi. Upande wetu wa pili aliishi Mama Akinyi, mwanamke mrefu wa Kijaluo, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, aliyekuwa anafua nguo za wazungu. Bwanake Jumapili baada ya ibada alikwenda kuvua kwenye bwawa la shamba la makonge. Kwa hiyo Jumapili jioni, juu ya ukuta, kilikuja kitu ambacho baba yangu alikiita uvundo na ambacho mimi, Mungu anisamehe, nilikisubiri wiki nzima.

Kwetu samaki haliwi. Wakikuyu wa zamani walikuwa na msimamo huo, na baba aliushika kuliko hata alivyoushika ubatizo wake. "Samaki ni ndugu wa nyoka," alisema. "Yule amekaa nchi kavu, huyu amelowea majini, lakini mama yao ni mmoja." Basi siku Akinyi, binti wa jirani na rafiki yangu wa chanda na pete, aliponipa mkia wa samaki wa kukaanga nyuma ya vyoo, niliula nikijua ninakula ukoo wa nyoka. Ulivunjika mdomoni kama kaukau. Nililamba vidole mpaka kwenye viwiko.

Kisha nikaanza kungoja magamba. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kwetu inayopasua ngozi, na asubuhi moja nikaona miguu yangu imekuwa myeupe na ina mistari mistari. Nililia kimyakimya, nikijua nimeanza. Nilijipaka mafuta ya nyanya siku hiyo yote. Magamba yalipotoweka nikaamua mambo mawili: kwamba samaki hana neno, na kwamba mafuta yana uwezo mkubwa kuliko tunavyoambiwa.

Sasa, dada yangu Wanjiru alikuwa amechumbiwa na mwalimu kijana wa upande wa Gatundu. Wazee wa kina mwalimu walikuwa waje kwetu kwa mazungumzo ya ruracio, ile mahari yetu. Siku zile za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kuja hivyo halikuwa jambo la kuvaa koti na kuondoka. Waliishi kwenye kijiji chenye handaki kukizunguka, na ilibidi wamwombe chifu ruhusa, naye aliitoa siku za roho nzuri tu, ambazo zilikuwa chache. Wakirudi hawajaridhika, nani angewapa ruhusa nyingine? Mama aliamua kwamba kabla ya yote watakunywa chai na mandazi, ili waone msichana anatoka nyumba inayojua dunia imefika wapi. Alinunua mafuta mapya. Yalikuwa na rangi ya asali iliyochujwa, nikajiona uso wangu ndani, na pengo langu.

Siku moja kabla ya wageni, mama na Wanjiru walipanda basi kuja Ruiru kutafuta iliki kwa yule mwajiri wake wa zamani. Mimi niliachwa kulinda nyumba. Akinyi naye aliachwa kulinda yao, pamoja na sahani ya samaki waliotiwa chumvi.

"Mama amesema niwachome kwa makaa," aliniambia.

"Kuchoma ni mambo ya kizamani. Sisi tuna mafuta."

"Mafuta ya mama yako? Atakuua."

"Hatajua. Moto unasafisha."

"Nani amekwambia?"

"Mungu," nikasema.

Sikuwa nikidanganya. Jumapili iliyotangulia mwalimu wetu wa watoto kanisani alitufundisha kwamba dhahabu husafishwa kwa moto, na uchafu wote hutoka. Mimi niliona mafuta yale yana rangi ya dhahabu kabisa, tena yanakwenda motoni kila siku. Kama kuna kitu duniani kilichokuwa kinasafishwa, ni mafuta ya mama. Akinyi hakuwa na hoja ya kumpinga Mungu. Akaleta sahani.

Samaki wenye maji kwenye mafuta moto ni vita. Yaliruka, yakapiga kelele, yakatuchoma mikono, nasi tukacheka na kurukaruka na mfuniko kama askari na ngao. Nilimtoa mmoja mapema kwa uroho, akawa mweusi nje na wa waridi kwenye mfupa, nikamla hivyohivyo. Tulipomaliza niliyaacha mafuta motoni mpaka yakatoa moshi wa buluu. Kila moshi ulipopanda nilijiambia, ile ndiyo dhambi ya samaki inatoka. Kisha nikayachuja makombo. Kichujio cha chai kilikuwa na matundu makubwa, hivyo nilichukua kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha maua alichovaa kanisani, nikachujia hicho. Mafuta yalirudi kwenye kopo yakiwa mekundu kidogo, lakini niliona wekundu huo ni wa kutakaswa. Kitambaa nikakikunja nikakirudisha sandukuni.

Asubuhi ya wageni mama alikanda na kukaanga akiwa na mafua ya Julai na moshi wa kuni machoni. Katikati ya kazi aliinua pua. "Leo Mama Akinyi ametuamkia na samaki," alisema. "Siku zote ni Jumapili, kwa nini leo?" Nikaangalia ukutani pamoja naye. Upande ule hapakuwa na moto wowote.

Wazee walifika wakiwa wamechoka na vumbi, wakaketi kwenye viti tulivyoazima. Baba aliwapa mkono mmoja mmoja. Msemaji wao alikuwa mzee mwenye masikio yaliyotobolewa ndewe zikaning'inia, na koti la jeshi lililokosa vifungo. Mama alimimina chai. Wanjiru alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na vidole vya miguu yake vilionekana chini, vimekunjwa.

Yule mzee aliuma. Taya zikasimama.

"Mama Wanjiru," alisema taratibu, "hii ni nini?"

"Ni mandazi, baba. Ni ya kunywea chai."

"Mandazi nimekula. Nilikula Thika, nilikula hata Nairobi kabla wazungu hawajatufukuza. Yale hayakuwa na mto ndani."

Wa pembeni yake alinusa lake. "Ni samaki," akasema, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

"Kwenu hapa mnakula samaki?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza kama nyumba ina wazimu, kwa sababu ndivyo swali lilivyokuwa. Msichana aliyekuzwa kwa samaki angepika nini huko kwao, na nani angekula?

Baba alikuwa ameinamia kikombe. Mama alichukua andazi, akalimega, akalitia mdomoni. Niliona uso wake ukizimika. Hakuwa amewahi kupika kitu kibaya mbele ya watu, na kile kibaya cha kwanza kilikuwa mbele ya watu hawa.

"Nyumba hii haijaingiwa na samaki," alisema. Kisha akanigeukia. "Nani amegusa mafuta yangu?"

Nimetafuta miaka yote hii kitu cha kujitetea. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Niliogopa, ndiyo. Lakini hakuna aliyeniminya. Hakuna aliyetaja jina. Mkono wangu uliinuka wenyewe, ukanyooka, na kidole kikaonyesha ukuta.

"Mama Akinyi," nikasema.

Upande wa pili mtu alikohoa. Nilikuwa nimesahau kwamba ukuta haufiki juu. Tukasikia mlango wake, ndala zake, halafu "Hodi" mlangoni petu. Alisimama akiwa bado na sabuni kwenye mikono. Wazee walihamia Kiswahili kwa ajili yake.

"Mama, ni wewe ulitia samaki kwa mafuta ya huyu?"

Mama Akinyi alinitazama. Alinitazama muda wa kutosha kunijua mpaka tumboni. Samaki wake aliwakuta hawapo jana yake, na Akinyi, nilikuja kujua, alikuwa amemwambia kila kitu usiku ule, mpaka habari ya Mungu na dhahabu. Akatazama pazia, na vile vidole vya Wanjiru chini yake.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nilikosa mafuta, nikaona karai, nikatumia. Sikuomba. Nisamehe."

"Aaa!" mzee akapumua, akapiga paja. "Kumbe ni hawa! Hawa watu wa samaki!"

Na chumba chote kikacheka. Wazee walicheka kwa kupona, kwa sababu nao hawakutaka kurudi bure kwenye handaki lao. Baba alicheka. Mama yangu, aliyeazima unga na chumvi kwa mwanamke yule tangu nizaliwe, alicheka pia, mkono mdomoni. Mama Akinyi aliitikia kwa kichwa akarudi kwake. Mandazi yaliondolewa, uji na githeri vikaletwa, na mazungumzo ya Wanjiru yakaenda vizuri kama baiskeli kwenye mteremko.

Nilingoja kiboko. Hakikuja. Jioni mama alifungua sanduku akatoa kile kitambaa cha maua. Alikinusa. Alibandua gamba moja dogo lililonata, akaliweka kwenye kiganja, akanitazama, akafunga sanduku. Mimi nikadhani nimesamehewa. Tena nilidhani zaidi ya hapo: niliamini neno la mtu mzima likishasemwa mbele ya wazee linakuwa ndilo lililotokea. Mama Akinyi alisema ni yeye, basi ni yeye. Nilikaa hivyo wiki nyingi, nikimwonea hata huruma kwa kosa lake.

Lakini kitu kiliharibika pale mstarini. Mama aliingiza karai ndani na hakulitoa tena nje. Mama Akinyi akimwambia habari ya asubuhi, mama alijibu huku akitafuta kitu ardhini. Wake wa majirani waliisikia hadithi, wakaanza kufunika sufuria zao akipita, kwa mzaha, mzaha ule unaofunika kweli. Akinyi hakuja tena nyuma ya vyoo. Nilipomfuata kisimani akanicheka, "Usiniguse, utanuka," nami nikarudi na ndoo tupu.

Siku ya arusi, watu wetu walipita mlangoni pake wakiimba. Alikuwa ameketi kizingitini akimsuka Akinyi. Hakualikwa. Nilipita nimevaa nguo yenye riboni, nikatazama mbele kama farasi wa mkokoteni, na nikagundua kwamba mama pia anatazama mbele vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakunisamehe. Alikuwa anajificha, kama mimi, nyuma ya mgongo uleule wa mtu mwingine.

Wanjiru alikwenda kwake, akakaa, akashika mimba. Siku tulipoletewa habari kwamba amejifungua salama, mama aliniamsha mapema. Alikuwa na kopo jipya la mafuta. Alikanda, akakaanga, nami nikakaa karibu na moto nikitazama kile kipande cha unga kinavyozama, kinavyofikiri, kinavyopanda. Yalipokuwa tayari aliyapanga kwenye sahani nzuri, akajifunga kile kitambaa cha maua, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akiogopa mtu.

Mama Akinyi alifungua. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Mama alinyoosha sahani.

"Mama Akinyi," alisema, "yale mafuta." Alinisukuma mbele kidogo. "Alikuwa huyu. Na mimi nilijua."

Nilitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa myeupe tena kwa baridi. Mama Akinyi alichukua andazi. Alilinusa, kama watu wa kiwanda. Alilimega, akala nusu, akampa Akinyi nusu nyingine aliyekuwa nyuma yake, akatafuna mpaka mwisho bila haraka, huku sisi wawili tumesimama pale kwenye kizingiti kama waliokuja kuomba moto. Kisha akajifuta vidole, akamwangalia mama yangu.

"Mandazi ni tamu, sitakataa. Lakini kutoka kwa mlango yako mpaka kwa hii yangu si mbali hivyo."